Uzinduzi wa Seva Iliyokuwa Ikifanya Kazi

Nimedharau watu wengi katika kazi hii ya kompyuta, lakini hakuna niliyemdharau kwa moyo mmoja kama yule injinia aliyeletwa Tunduma kutoka Dar kuja kutuonyesha kuwa seva inaweza kujiwekea mfumo yenyewe.

Ofisi yetu ilikuwa ya uwakala wa forodha, moja ya zile zilizobanana kando ya barabara ya mpakani, na fundi wake wa kompyuta nilikuwa mimi. Mashine ikihitaji mfumo, niliingiza CD, nikakaa mbele yake na kujibu maswali yake moja moja: lugha gani, saa za wapi, diski ipi ifutwe. Hilo la diski nililijibu baada ya kuweka kikombe cha chai chini. Bosi akipita na kunikuta nimekaa, alisema kwa sauti ya kusikika mapokezi, "Dada yetu tunamlipa asubiri." Huyo ni mtu aliyekuwa hajui kuzima simu yake mpaka achomoe betri.

Injinia alikuja na tai na njia mpya. Majibu yote unayaandika mapema kwenye faili moja, unaliweka kwenye mtandao wa ofisi. Mashine ikiwashwa inauliza mtandao kwanza, inapewa majibu, inafuta diski na kujiwekea mfumo mwanzo hadi mwisho bila kuguswa na mtu. Njia yenyewe ni nzuri, nimekuja kuitumia miaka mingi. Shida ni kwamba faili halimjui aliyeliandika, linamtii mpumbavu kama linavyomtii mwenye akili. Nikamuuliza, kwenye swali la diski ameandika nini.

"Zote itakazozikuta," akasema.

Na mashine zipi zimeelekezwa kuuliza mtandao kwanza?

"Zote mbili, zifanane. Siku moja ikiugua, inajiponya yenyewe."

Zote mbili, yaani ile mpya iliyokuwa tupu, na ile ya zamani iliyobeba kazi za wateja wote. Nilimwambia hiyo ya zamani aitoe kwenye mpango wake. Akanipiga bega kama mtu anayetuliza mbuzi. Hiyo haizimwi, alisema, kwa hiyo haitauliza kitu. Na kweli haikuwa inazimwa, umeme ukikatika jenereta lilinguruma hadi majirani wakalalamika.

Lakini sisi bwana, hakuna kinachoanza bila kuzinduliwa. Choo cha shule kinakatiwa utepe, kisima kinakatiwa utepe. Bosi akaalika mgeni rasmi, mkubwa mmoja mstaafu, akakodi maturubai, viti vya plastiki, spika na MC. Diski ya nje niliyoiomba ya kuhifadhia nakala ikaambiwa isubiri, kwanza lije zulia jekundu.

Asubuhi ya uzinduzi alifika mama mmoja wa Isansa, mkulima, ambaye Fuso lake la kukodi lilikuwa kwenye foleni ya malori likiwa limejaa matenga ya nyanya za kwenda Zambia. Miaka yote aliwauzia walanguzi shambani. Huu ulikuwa mzigo wake wa kwanza kuuvusha kwa jina lake mwenyewe, na mnunuzi alikuwa anamngoja Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Karatasi zake halisi tulikuwa tumezipeleka Dar kwa basi, makao makuu ya forodha walizitaka. Nakala na maombi yake yote yalikuwa kwenye seva ya zamani, yamebaki kutolewa kwenye printa tu. Nikaenda kuyatoa, bosi akanizuia mlangoni.

"Ofisi imefungwa mpaka mgeni aondoke. Mama atasubiri nje."

Mama akakaa kwenye benchi nyuma ya viti vya wageni, akajifunika khanga kichwani, jua likaanza kupanda.

Ndipo MC alipogundua kuwa seva moja tayari inawaka. Bosi akakunja uso. "Mgeni rasmi hawezi kuwasha nusu," akasema, akaamuru ya zamani izimwe ili mzee aziwashe zote kwa swichi moja. Nikasema, itajifuta. Bosi akamtazama injinia. Injinia akarekebisha tai, akasema, "Sidhani." Mtu amesoma miaka yote ile, ameletwa kwa gharama, na neno aliloona linatosha kuweka juu ya kazi za watu ni sidhani.

Mgeni akabonyeza. Skrini mbili zikawaka, mistari miwili ikaanza kujaa, ya mashine mpya na ya mashine ya zamani, sawasawa kama injinia alivyotaka. MC akapiga kelele, "Bila kuguswa na mtu!" Nikainuka kwenda kuchomoa waya. Ningewahi pale mwanzo, huenda ningeokoa kitu. Bosi akanikamata mkono huku akimchekea mgeni, akaninong'oneza, "Usituaibishe." Akanishika hivyo hadi mistari ikajaa, na watu wakapiga makofi mpaka nje ya maturubai. Sijawahi kuchukia makofi kama yale.

Ikabidi karatasi za mama zirudishwe kutoka Dar, siku nzima njiani. Mnunuzi alipiga simu siku ile ile. "Bamayo, mama yangu, nachukua za mwingine, pole." Fuso lilibaki juani. Maji ya nyanya yakaanza kudondoka barabarani, bodaboda wakalipita wameziba pua, na alizoweza kuziokoa mama aliziuza kwa ndoo hapo hapo kando ya foleni.

Alipokuja kuaga, zulia lilikuwa bado halijakunjwa. Injinia alikuwa amekwisha kuondoka na cheti chake cha shukrani. Bosi akamletea mama soda zilizobaki, mbili, kwa ukarimu mkubwa. Mama akazishika tu.

Nikamwambia kilichotokea, kwa maneno mepesi, kwamba ile swichi waliyoishangilia ndiyo iliyofuta maombi yake.

Akaziweka soda chini.

"Hata mimi nilipiga makofi, mwanangu," akasema. "Nilidhani ndiyo karatasi zangu zinatoka."