Bizari ya Jirani

Kila nikichoma steki nyumbani, bizari inapoanza kuungua juu ya makaa, nnarudi kwenye roshani yetu ya Mji Mkongwe.

Chini yetu alikaa mjane wa Kihindi asiyekula nyama. Siku moja asubuhi alimletea mama bakuli la bizari aliyoisaga mwenyewe kwa ajili ya viazi. Mchana baba akaja na steki, na mama, bila kufikiri, akaipaka bizari ile pamoja na thomu na ndimu.

Nyama ilipoanza kulia juu ya makaa ya seredani, sauti ya jirani ikapanda kutoka chini: "Inanukia, mwanangu! Viazi hivyo?"

Mama aliitazama nyama. "Naam, bibi. Viazi."

"Basi nionjeshe, mate yananitoka huku!"

Kwetu bakuli la jirani halirudi tupu. Mama akaipua nyama, akasugua wavu kwa jivu mpaka vidole vikamwuma, akachoma viazi kwa bizari iliyobaki.

"Nyama inapoa," baba alisema.

"Na ipoe."

Nikatumwa chini na bakuli.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Alilipokea kwa mikono miwili, akalinusa, akaliweka kando bila kuonja. Kisha akanishika kichwa. "Mwambie mama'ko ahsante. Na ile nyama aile ingali moto."

Nilipanda nikamwambia mama neno kwa neno. Mimi na baba tulikula. Mama alikwenda kuoga, kuitoa harufu ya nyama mwilini, na siku ile hakula kitu.