Mfilisi amejiuzulu, baba akampelekea jani la sale

Wakuu, marahaba kwa wote, maana humu sidhani kama kuna wa kumpa shikamoo. Nachapa kwa kidole kimoja, ila haya niliyaona kwa macho yangu.

Enzi za Mwingereza, huku kwetu Meru kulikuwa na kampuni ndogo ya umeme wa maji. Mashine yetu ya kumenya kahawa iliutegemea umeme huo.

Kampuni ikafilisika. Korti ikamweka Mzungu mmoja awe mfilisi, yaani msimamizi. Bila ruhusa yake, fundi haruhusiwi kuwasha mtambo.

Sasa msimu umepamba moto, kahawa mbivu imejaa magunia, umeme hakuna. Kwa msiolima: isipomenywa upesi inachacha, jasho la mwaka mzima limekwenda na maji.

Baba akanikokota hadi ofisini kwa mfilisi mjini, maana nilikuwa mwalimu mpya, Kiingereza nakichechemesha. Mlango umefungwa. Umebandikwa notisi: mfilisi amejiuzulu.

"Amemuaga nani?" baba akauliza.

"Notisi ndiyo hii, baba."

"Kwani mlango unalima kahawa?"

Tukamfuata nyumbani, tukamkuta anafunga mizigo. Baba akamkabidhi jani la sale. Kwetu ukipokea sale hukatai ombi, hata muwe mmegombana vipi.

Mzungu akalinusa, akasema "Asante sana," akalichomeka kwenye kofia. Nahisi alidhani ni ua la kwaheri!

Nikataka kumweleza, baba akanikanyaga mguu.

Tukapanda moja kwa moja kwa fundi, Mchaga wa Machame, ambako nako sale huheshimiwa. Baba akamwambia, "Mfilisi amepokea sale."

Fundi akanigeukia. "Kweli, mwalimu?"

Nikasema amepokea. Si alipokea, wakuu? Fundi akafungulia maji, kahawa ikapona.

Baadaye korti ikatuita kwa kuwashiwa mtambo bila ruhusa. Jamani, niliogopa! Nikajua baba anaozea jela.

Hakimu akasema eti kujiuzulu kule hakukukamilika. Sheria ilitaka wote wanaohusika waarifiwe kwanza, na sisi hatukuarifiwa. Kwa hiyo siku ile Mzungu alikuwa bado mfilisi, nasi tukaachiwa.

Haya, kama alikuwa bado mfilisi, ruhusa ya kuwasha aliitoa saa ngapi? Nimeuliza mawakili, kila mmoja ana lake. Kichwa kinaniuma hadi leo.

Baba alitoka kortini ananicheka. "Mmesoma bure. Mtu kashika sale, anajiuzuluje?"

Nilichojifunza: ukiacha kazi, waage waliokutegemea, siyo mlango.

Wanasheria wa humu, nitoeni tongotongo kabla Mungu hajaniita: kahawa yetu ilimenywa kwa ruhusa ya nani?