Chale Saba za Bunduki ya Babu

Kaka yangu Gulwar hajui kulenga. Nalisema waziwazi, maana mji wetu wote wa Dara unajua. Siku ya kumchukua bibi harusi, watu wa upande wa mke walitega yai mlimani, kama ilivyo desturi, na lisipopigwa hakuna kuondoka na mke. Gulwar alikosa mara tano. Nikamnyang'anya bunduki nikalipasua mimi, na huu mwaka wa thelathini shemeji Storai bado anamchokoza: "Kama si shemeji, saa hizi ningekuwa jikoni kwa baba yangu."

Lakini mpe mbao, utamheshimu. Katika duka letu la kuunda bunduki, mimi ni wa mitutu, yeye ni wa vitako vya mbao. Babu yetu Jangrez, aliyeweza kumwangusha kware angani, alianzisha duka kwa bunduki moja ya Kiingereza aliyoinunua kuukuu. Hakujua kusoma, basi akaiga kila kitu: namba, alama ya taji, hata chale saba zilizokuwa chini ya kitako. Baba akaiga, na sisi tukaiga. Wateja wakaziita bunduki zetu "zile za saba", nasi tukavimba vichwa.

Mwaka juzi, asubuhi moja, akaja mzee kutoka Tira, huko milimani, akaomba aione ile ya babu. Nikamtungulia ukutani. Akapitisha kidole gumba chini ya kitako bila kuangalia.

"Ilikuwa ya babu yangu hii," alisema. "Huyu Mirdad. Huyu Tor, muuza chumvi. Huyu mgeni, jina hatukulijua." Kidole kikasogea. Nilielewa kabla hajafika mwisho: kila chale ni mtu aliyeuawa. "Hawa wawili wa mwisho ni watoto."

"Watoto wa nani, mzee wangu?" Gulwar akauliza.

"Wa babu yangu mwenyewe. Walikuwa wanacheza kwenye mahindi, akadhani wezi. Hakutaka kuwakatia chale. Alisema mkono ulikata wenyewe. Ndiyo maana akaiuza."

Chai yake hakuimaliza.

Gulwar akaapa hatakata chale tena. Mkwewe, mke wa mwanawe, alikuwa na mimba ya kwanza baada ya miaka tisa ya kuzungushwa kwa waganga, na kaka alikuwa ameshaanza kumchongea mjukuu kitanda cha mbao ya mjozi. Hakutaka mkosi wa watu wa Tira. Lakini kila adhuhuri akikigeuza kitako alichokimaliza, zipo. Saba.

"Kaka, unanifanyia mzaha?"

"Wallahi sijakata."

Siku mbili nilimcheka. Ya tatu nikaacha kucheka. "Nenda nyumbani ukamalizie kitanda," nikamwambia. "Vitako nitatafuta mtu."

Nyumbani akamwomba Storai amwangalie mikono anapochonga. Shemeji akaacha unga wake kwenye sinia, akaketi mbele yake. Nami nilikuwapo, tumetoka kuswali adhuhuri, nakunywa chai. Gulwar alikuwa anasimulia habari ya lile yai, anajicheka mwenyewe, na huku mkono wa kulia umeshaugeuza ubavu wa kitanda na patasi inakata.

"Gulwar! Mkono wako!"

"Nauona," alisema. "Nishikeni."

Nikaukamata kwa mikono yangu miwili, mimi ninayenyoosha mitutu ya chuma. Ulikuwa baridi, na haukunijali hata kidogo. Ulikata mpaka ukatosheka, kisha patasi ikaanguka. Storai akapapasa kwa kidole akihesabu. Akarudia kuhesabu.

"Nane," akasema.

Hakuna aliyeuliza ya nane ni ya nani. Ndani, mkwe alikuwa anaimba peke yake, anakunja nguo za mtoto.

Kitanda tulikichoma mchana uleule, na bunduki ya babu nikaikata vipande kwa msumeno. Niliogopa, sioni haya kusema. Mtoto akazaliwa salama, mnene, wakamwita Zalan. Sasa anatembea.

Gulwar hajashika patasi tena, wala hajamshika mtoto. Huyo aliyemwombea miaka tisa hajawahi kumpakata hata mara moja. Zalan naye hampendi mtu kama anavyompenda yeye. Kila alasiri anakwenda kwenye kitanda cha kamba anakoketi kaka, ananyoosha mikono: "Babu, nibebe."

Kaka yangu anaikalia mikono yake, machozi yanamtiririka ndevuni.

"Nenda kwa bibi yako, baba," anamwambia. "Nenda. Kimbia."