Tulivyoombwa Nyumba ya Babu Mwalimu

Nimerudi juzi kutoka nyumbani kula Krismasi, na ndugu yangu, usiniulize sikukuu ilikuwaje. Nyama nilikula, mbege nilikunywa, lakini uso sijui niuweke wapi. Nianzie mbali kidogo, maana usipoijua ile nyumba hutaielewa aibu yangu.

Sisi Wachagga unatujua: Desemba ikifika, popote ulipo, unapanda mlima. Unaliacha joto la Moshi mjini, unapanda mpaka migomba inaanza kuifunika barabara. Huko, katikati ya kihamba chetu, shamba la urithi la ukoo, ndiko ilipo nyumba ya mawe ya babu. Babu ndiye alikuwa mwalimu wa kwanza kijijini. Shule ilikuwa bado haijajengwa, kwa hiyo watoto walisomea barazani kwake. Mbao za madirisha alizipaka rangi nyeusi upande wa ndani. Akizifungua zikalala ukutani, tayari ana ubao.

Mimi nilimkuta amestaafu, lakini ualimu haukumtoka. Likizo tulianika kahawa kwenye mikeka, naye akiketi barazani na gazeti kuukuu. Mmoja anageuza kahawa, mwingine anasoma. "Soma kwa sauti, ng'ombe naye asikie!" Ukikosea anacheka kwanza, halafu unarudia. Jikoni bibi anaponda kiburu, ndizi na maharage, moshi wa kuni unatutoa machozi, na matumbo yananguruma kuliko sauti zetu. Aliyemaliza ukurasa alipewa maziwa ya mgando. Jamani, yale maziwa! Siku hizi nanunua ya pakiti, nakunywa ilimradi tu.

Wazee waliopita njiani walivua kofia mbele ya nyumba ile, hata babu asipokuwepo. Bibi alisema wanaisalimia baraza iliyowafundisha kuandika majina yao. Mimi nilidhani nyumba za babu wote zinavuliwa kofia.

Babu na bibi walishatangulia. Amebaki shangazi, binti yao, anaishi humo peke yake. Mwaka huu kaka yetu mkubwa akaandika kwenye kundi la ukoo la simu: nyumba imezeeka, inatutia aibu, majirani wote wameshajenga za kisasa, tuivunje tujenge yetu, shangazi atapewa chumba. Kila mtu akajibu sawa. Nami nikajibu sawa, tena nikaongezea rangi ya vigae. Shangazi simu yake ni ya kupiga na kupokea tu. Hakuna aliyempigia.

Siku ya pili ya Krismasi tumekaa uani, mbuzi yuko motoni, kaka anamwonyesha fundi pa kuanzia kubomoa. Shangazi akatoka ndani amevaa kitenge cha kanisani, mkononi ameshika jani la isale. Kwetu jani hilo analipeleka mkosaji kwa aliyemkosea, au mwenye shida nzito kwa mwenye uwezo wa kumsaidia, na ukishalipokea huwezi kukataa ombi lake. Lakini mzee kumpelekea mtoto wa nduguye? Sijawahi kuona.

"Shikamoo shangazi," nikaropoka, na asubuhi nilikuwa nimeshamwamkia.

Alipiga magoti mbele ya kaka, akamnyooshea jani kwa mikono miwili. "Naomba mniachie nyumba ya baba yangu," alisema. "Kama kuna mahali niliwakosea, wanangu, nisameheni."

Kaka, mwenye sauti kubwa kuliko sisi sote, alianza kulia. Alilipokea. Angefanyaje? "Inuka, shangazi, tafadhali inuka. Hatuvunji." Fundi akaambiwa ale nyama aende zake. Mimi nilikuwa naangalia chini, natamani ardhi inimeze.

Kijijini wamefurahi. Mwalimu mkuu wa shule amesema atawaleta wanafunzi waone kijiji chao kilianza kusomea wapi. Ni jambo jema, silikatai, na wala si sisi tuliolifikiria. Sisi damu yake mwalimu, tuliosomeshwa hapo hapo, tuliona mawe mabovu tu.

Asubuhi ya kuondoka nilimfuata shangazi nimwombe radhi. "Hujanikosea kitu, mwanangu," alisema, akaendelea kunifungia ndizi za kwenda nazo mjini. Kisha akaniuliza, kwa adabu kabisa kama anaongea na mgeni, eti tutamruhusu apake chokaa ukuta wa mbele? Shangazi yule yule ambaye zamani, tukikanyaga baraza yake na matope, alitukimbiza na fagio mpaka barabarani.