Baiskeli ya Stima ya Wabwile

Wabwile alibeba watu kwa baiskeli mjini Bungoma miaka kumi na tisa, na goti lake la kulia lilimkumbuka kila mmoja wao.

Mwaka wa 2008 pikipiki zilipojaa, Mukhisa, mwenyekiti wa steji ya wabeba abiria, akatangaza kwamba steji ya karibu na stesheni ya reli sasa ni ya vyombo vyenye injini tu. Baiskeli zihamie nyuma ya soko la kuku, mahali hata kuku hawaendi kwa hiari.

Wabwile hakubishana. Alienda Kitale kwa Kiarie, muuza vyuma kuukuu, akarudi na gurudumu la nyuma lenye mota ndani, pamoja na betri yake, lililotoka kwa baiskeli ya ng'ambo.

"Mzee, siku moja barabara yote itakuwa ya stima," Kiarie alimwambia.

"Kwetu hata nyumba bado," Wabwile akajibu, akafunga mzigo wake.

Betri aliichaji kwa kinyozi, katikati ya simu za watu. Kilima cha kwenda Kibabii akakipanda amekaa tu, miguu imetulia kama ya bwana harusi. Goti likanyamaza. Mukhisa hakunyamaza.

"Hiyo ni baiskeli. Haingurumi."

"Ina mota, bana."

"Mota gani ya kunong'ona? Abiria atajuaje umefika?"

"Si ataniona? Ama wewe hubeba vipofu?"

Mukhisa akaamua wanachama wapige kura, akabandika tangazo kwenye nguzo. Sasa, ulimi wa Mukhisa hautenganishi l na r, na kalamu yake ilisoma shule moja na ulimi. Tangazo likasema: "Jumamosi saa sita wote mje kwa kula juu ya Wabwile."

Sellah, mke wa Wabwile, alilisoma mara mbili.

"Ati kula juu yako? Na mpishi ni nani?"

"Ni kura, mama watoto."

"Hapa imeandikwa kula. Nimefika darasa la saba, usinifundishe kusoma."

Jumamosi walikuja watu sitini, matumbo matupu. Wengine walikuwa wameshanawa mikono. Mukhisa alipoeleza kwamba ni kuinua mikono tu, wakamtazama kama mtu aliyemwaga mboga.

"Tumeacha ugali nyumbani, chairman!"

Ndipo Sellah akashuka kutoka nyuma ya baiskeli ya stima, ambayo hakuna aliyeisikia ikifika, na sufuria kubwa ya nyoyo, yaani mahindi yaliyochemshwa na maharagwe, bado inatoa mvuke.

"Wanaotaka Wabwile abaki wainue mkono," Mukhisa akasema baadaye kidogo.

Wakainua wa kushoto. Wa kulia ulikuwa na kazi.

Mukhisa akameza maharagwe yake, akaweka sharti moja: chombo kingurume.

Jumatatu Wabwile akafunga mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia karibu na spoki. Kelele zikasikika mpaka sokoni. Abiria wakasifu kwamba sasa, angalau, inakimbia.