Ng'ombe Niliyemtafuta Mlimani

Juzi, kwenye kaunta ya maziwa pale Karuba, nilimsomea muuzaji orodha yangu mpya kwa majivuno: milima saba ya Masisi, nipande mmoja kila mwaka. Mama mmoja mwenye bidoni ya maziwa alitazama viatu vyangu, kisha uso.

"Pole, Papa. Ni ngombe yako njo ilipotea kule juu?"

Niliona haya kusema kwamba napanda milima kwa kujifurahisha tu. Nikajibu ndiyo.

"Iko rangi gani?"

"Nyekundu."

Akatua bidoni, akaita majirani. Mlima wa kwanza niliupanda siku ileile, nyuma ya watu sita waliomwita ng'ombe ambaye sijawahi kuwa naye. Kileleni sikuthubutu kutoa orodha niuwekee alama mlima huo. Mama alinishika bega.

"Usihuzunike, Papa. Kesho tutarudi tena."