Mahubiri ya Nusu Kichwa

Mimi ni msusi hapa mtaani Yeoville, na mikono yangu ikiwa kwenye nywele, mdomo haunyamazi. Mchungaji wetu alinisikia saluni akaniambia nihubiri Jumapili. Nilikasirika. Kuhubiri, mimi? Wiki nzima nilisuka huku nikimwomba Mungu atafute mwingine.

Jumapili nikasimama mbele ya kanisa, ulimi ukakauka. Eish! Nikamkumbuka Musa, ambaye naye alikataa kutumwa, Mungu akamuuliza ana nini mkononi. Mimi nilikuwa na kitana tu, nilichokisahau mfukoni. Nikasema kimoyomoyo, "Haya Bwana, hiki hapa." Nikamwita mama mmoja wa kwaya, nikamkalisha kwenye kiti mbele yangu, nikaanza kumsuka. Maneno yakaja yenyewe. Watu walicheka, wakalia, wakaitikia amina.

Nilipomaliza, yule mama akajipapasa kichwa. Upande mmoja ulikuwa umesukwa, mwingine umetimka.

"Na huu je, dada?" akauliza.

Mchungaji akaniwahi: "Huo ni wa Jumapili ijayo, mama."

Kanisa zima likaangua kicheko. Yule mama angeweza kuja saluni Jumatatu nimmalizie. Hakuja. Alifunga kitambaa wiki nzima, akinisubiri Jumapili.